Cheti Kimekubaliwa, Lugha Je? Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu Mholanzi Mjini Dublin

Septemba 1982 Anita Groener, msanii raia wa Uholanzi, alianza kufundisha sanaa katika Chuo cha Masoko na Ubunifu mjini Dublin, Ayalandi. Alikuwa mwalimu wa muda. Chuo hicho kilikuwa chini ya kamati ya elimu ya ufundi ya jiji, ambayo ni chombo cha umma, na masomo ya sanaa yalifundishwa kwa Kiingereza. Julai 1984, akiwa amekwisha kukaa na wanafunzi wale kwa takriban miaka miwili, aliomba nafasi ya kudumu ya uhadhiri katika chuo kile kile. Mgogoro uliofuata haukuhusu uwezo wake wa kuchora wala wa kufundisha. Kilichomkwamisha ni kwamba hakukijua Kiayalandi, lugha ya taifa ya nchi ile, ambayo hakuihitaji hata kwa dakika moja kueleza somo lake.

Shauri lake dhidi ya Waziri wa Elimu lilifika hadi Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, likapewa namba C-379/87, na hukumu ilitolewa tarehe 28 Novemba 1989. Nimelichagua kwa sababu linagusa sehemu ya utambuzi wa sifa za walimu ambayo kwetu Afrika Mashariki huzungumzwa kwa nadra. Sisi tukisema sifa za mwalimu wa kigeni zitambuliwe, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye bahasha ya kaki yenye vyeti, nakala zilizogongwa muhuri, na barua ya ulinganisho kutoka kwa mamlaka ya vyuo vikuu au baraza la mitihani. Kisa cha Dublin kinaanzia pale ambapo bahasha hiyo imekwisha kufunguliwa na yaliyomo hayana utata.

Ili uzito wa kisa uonekane, ni lazima kwanza kueleza hali ya sheria ilivyokuwa wakati huo. Ayalandi ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, na Ibara ya 48 ya mkataba wa jumuiya hiyo ilimpa raia wa nchi mwanachama haki ya kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama bila kubaguliwa kwa uraia wake. Ibara hiyo, hata hivyo, iliacha nje ajira katika utumishi wa umma, na serikali kadhaa zilijificha nyuma ya maneno hayo ili kuwazuia walimu wa kigeni. Kizuizi hicho kilitikiswa Julai 1986 katika shauri la Lawrie-Blum, mwanamke Mwingereza aliyefaulu mtihani wake wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kisha akanyimwa nafasi ya mafunzo ya vitendo kwa kuwa si Mjerumani. Mahakama ilisema kwamba mwalimu aliye mafunzoni ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na kwamba kufundisha shuleni si aina ya utumishi wa umma ambao mkataba ulikusudia kuwahifadhia raia peke yao.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1987, ilikuja zamu ya cheti. Georges Heylens, Mbelgiji aliyekuwa kocha wa timu ya soka ya Lille, alikuwa na diploma ya ukocha ya nchini kwake. Ufaransa ilikataa kuilinganisha na diploma yake, na kamati iliyoshauri ikataliwe haikueleza sababu. Mahakama iliamua kwamba mwenye cheti cha kigeni akikataliwa ana haki ya kujua amekataliwa kwa nini, na ana haki ya kuupeleka uamuzi huo mbele ya hakimu. Tarehe 21 Desemba 1988 Jumuiya ikapitisha Agizo namba 89/48, lililoweka utaratibu wa jumla wa kutambua diploma za elimu ya juu zilizosomewa miaka mitatu au zaidi, na walimu walikuwa miongoni mwa walionufaika nalo. Nchi mwenyeji ikiona tofauti kubwa kati ya mafunzo ya mgeni na ya kwake, iliruhusiwa kumtaka apitie kipindi cha kuzoea kisichozidi miaka mitatu au afanye jaribio la kupima uwezo wake.

Kwa hiyo uraia ulikuwa umeondolewa kuwa kisingizio, na cheti kilikuwa kimepata njia. Lugha ilibaki.

Kanuni namba 1612/68 ya Jumuiya hiyo ilikuwa imetamka kwamba masharti ya kazi yanayowafungia nje raia wa nchi nyingine ni batili, hata yakiwa yamevaa sura ya usawa. Kanuni hiyo hiyo iliweka jambo moja kando: masharti yanayohusu ujuzi wa lugha, pale ambapo ujuzi huo unahitajika kwa sababu ya asili ya kazi inayoombwa. Shauri zima la Dublin liliegemea maneno hayo ya mwisho. Asili ya kazi ya mwalimu ni nini? Je, ni kile anachokifanya mbele ya darasa kwa saa alizopangiwa, au ni zaidi ya hapo?

Upande wa Ayalandi, masharti yalitoka katika nyaraka mbili za Wizara ya Elimu. Wa kwanza ulijulikana kama V7, na uliagiza kwamba asiajiriwe mtu katika nafasi ya kudumu ya kufundisha masomo fulani, sanaa likiwamo, bila kuwa na cheti cha Kiayalandi kiitwacho Ceard-Teastas Gaeilge au sifa nyingine ambayo Wizara inaitambua kuwa sawa nacho. Wa pili, namba 28/79, ulitolewa Juni 1979. Huo uliwapa kipaumbele wenye cheti hicho, na ukaruhusu asiye nacho afanye mtihani maalumu wa mazungumzo. Nyaraka hizo zilimwachia Waziri mamlaka ya kumsamehe mwombaji kutoka nje ya nchi, kwa sharti moja, nalo ni kwamba asiwepo mwombaji mwingine aliyekamilisha sifa zote.

Bi Groener aliomba asamehewe, akakataliwa, kwa kuwa waombaji wengine waliotimiza masharti walikuwapo. Akakubali kufanya mtihani. Alihudhuria kozi ya wiki nne ya watu wanaoanza kujifunza, na tarehe 28 Mei 1985 akaketi mbele ya watahini. Hakufaulu.

Wiki nne ni muda wa kujifunza salamu. Msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kwa nini, kwa sababu Kiayalandi kina tabia inayofanana kwa mbali na ngeli zetu: neno hubadilika mwanzoni. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutafuta “nyuso” na “ndimi” katika kamusi asizione, mpaka aambiwe atazame “uso” na “ulimi”. Katika Kiayalandi mashua ni “bád”, lakini mashua yangu ni “mo bhád”, na ile herufi ya kwanza iliyoongezewa h haitamkwi tena b, hutamkwa v au w kufuatana na eneo. Kitenzi hutangulia mtenda. Neno moja la kusema “ndiyo” au “hapana” halipo, bali anayeulizwa hurudia kitenzi cha swali kwa kukikubali au kukikanusha. Mtu mzima aliyezaliwa Uholanzi anaweza kuyajua haya yote vizuri sana akipewa miaka miwili. Kumtaka ayajue kwa mwezi mmoja ni kumpeleka mtihanini ili tu iandikwe kwamba alipelekwa.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuisimulia habari hii kana kwamba Ayalandi ilikuwa inachezea wageni. Kiayalandi ni lugha iliyosukumwa pembezoni na utawala wa Waingereza kwa karne nyingi, kisha ikapigwa na njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, iliyoua na kuwahamisha watu wengi zaidi katika maeneo yale yale ambako lugha hiyo ilikuwa bado inazungumzwa nyumbani. Katiba ya 1937, katika Ibara ya 8, iliitangaza kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, Kiingereza kikiwa lugha rasmi ya pili. Tangu uhuru serikali zilijaribu kuirudisha kupitia shule, kwa kuwa majumbani mwa watu wengi haikuwapo tena. Katika Jumuiya ya Ulaya yenyewe Kiayalandi hakikuhesabiwa kuwa lugha rasmi ya kazi hadi 2007. Anayekumbuka jinsi Kiswahili kilivyodharauliwa maofisini wakati wa ukoloni, na kazi iliyofanywa baada ya uhuru kukipandisha, hatauona waraka wa V7 kuwa kitu kigeni.

Bi Groener alifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Dublin, akidai kwamba nyaraka hizo zinakwenda kinyume na Ibara ya 48 na Kanuni 1612/68. Jaji alisimamisha usikilizaji na kupeleka maswali Luxembourg, na moyo wa maswali hayo ulikuwa huu: nafasi ya kudumu ya mhadhiri katika chuo cha ufundi cha umma inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ambayo asili yake inadai ujuzi wa lugha ambayo somo halifundishwi kwayo?

Mahakama ilianza kwa kukiri hali halisi. Ilisema kwamba sanaa, kama yalivyo masomo mengine mengi katika vyuo vile, hufundishwa kwa Kiingereza hasa au kwa Kiingereza peke yake, na kwa hiyo Kiayalandi si hitaji la kutekeleza kazi yenyewe. Hoja ingeishia hapo, Bi Groener angeshinda. Lakini Mahakama ikaendelea kusema kwamba hilo pekee halitoshi kumaliza swali. Mkataba wa Ulaya haukatazi nchi kuwa na sera ya kulinda na kuendeleza lugha ambayo ni ya taifa na ni rasmi ya kwanza. Elimu ina umuhimu katika kuitekeleza sera kama hiyo. Mwalimu ana nafasi ya msingi, si kwa somo analolitoa tu, bali pia kwa kushiriki katika maisha ya kila siku ya shule na kwa uhusiano wa pekee alio nao na wanafunzi wake. Kwa sababu hizo, kumtaka awe na ujuzi fulani wa lugha ya kwanza ya taifa si jambo lisilo na busara.

Baada ya kuikubali sera, Mahakama iliizungushia mipaka. Kiwango cha lugha kinachodaiwa lazima kilingane na lengo linalokusudiwa, wala kisipindukie. Sharti lisiwabague raia wa nchi nyingine, na hasa haliwezi kusema kwamba lugha iwe imesomewa ndani ya nchi yenyewe. Na raia wa nchi nyingine aliyeshindwa mtihani wa mazungumzo apewe nafasi ya kuurudia anapoomba tena kazi ya aina hiyo.

Nakubaliana na Mahakama katika msingi wake, na nakubaliana nayo kwa moyo wote. Aliyewahi kufundisha anajua kwamba nusu ya ualimu hutendeka nje ya kipindi: ukumbini asubuhi, katika kikao cha walimu, kwenye varanda ambako mwanafunzi anasubiri wenzake waondoke ndipo aseme kilichomleta. Maneno yanayosemwa hapo mara nyingi si ya lugha ya kitabu. Mahakama ambayo ingempima mwalimu kwa dakika zake za ubaoni tu ingekuwa imeidogosha kazi yetu, na nafurahi kwamba majaji wale hawakufanya hivyo.

Ninapotofautiana ni katika namna msingi huo ulivyotumika kwa mtu huyu. Jambo la kwanza ni ile ajira ya muda. Tangu 1982 alikuwa akipita katika vyumba vile vile, akikaa na wanafunzi wa chuo kile kile, bila Kiayalandi. Uhusiano wa pekee uliotajwa katika hukumu ulikuwapo siku zote hizo. Kama ujuzi wa lugha ni sehemu ya asili ya kazi, inakuwaje asili hiyo ianze siku mkataba wa kudumu unapotiwa saini? Zipo sababu zinazoweza kutolewa, kwa mfano kwamba mwalimu wa kudumu ndiye anayejenga desturi za chuo, lakini swali hili halikupewa nafasi linayostahili, nalo ndilo ambalo mwalimu yeyote wa mkataba angeliuliza kwanza.

La pili ni ile ruhusa ya Waziri. Msamaha haukutegemea hali ya mwombaji, wala somo lake, wala juhudi yake ya kujifunza. Ulitegemea kama kuna mwombaji mwingine. Ikiwa lugha inatakiwa kwa ajili ya malezi ya mwanafunzi, haja hiyo haipungui kwa sababu waombaji ni wachache mwaka huu, wala haiongezeki kwa sababu mwaka ujao watakuwa wengi. Sharti linaloondoka pale tu mwenyeji anapokosekana linaanza kufanana na upendeleo wa uraia, ambao Lawrie-Blum ilikuwa imekwisha kuukataa. Sisemi kwamba ndivyo lilivyokusudiwa. Nasema kwamba mtu anayesimama nje ya mlango hana njia ya kutofautisha.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni wakati. Mtihani uliwekwa mlangoni. Mwombaji alitakiwa awe ameijua lugha kabla ya kuipata kazi ambayo ingempa sababu na nafasi ya kuijua. Mahakama iliuona ugumu huu kiasi, ndiyo maana ikasisitiza haki ya kurudia. Lakini kurudia kunamfaa yule ambaye nafasi nyingine itatangazwa, na nafasi za kudumu za uhadhiri wa sanaa katika jiji moja hazitangazwi kila muhula.

Baadaye njia ya busara zaidi ilipatikana, na ilipatikana Ayalandi kwenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi aliyesomea nje, ambaye sifa zake nyingine zimekubaliwa, husajiliwa kwa masharti, akaruhusiwa kuingia darasani, na akapewa muda wa hadi miaka mitatu kutimiza sharti la Kiayalandi. Baraza la Walimu la nchi hiyo, lililoanzishwa rasmi 2006, ndilo linalosimamia usajili huo. Huu ni ule ule utaratibu wa kipindi cha kuzoea uliokuwamo katika Agizo la 1988, safari hii ukitumika kwa lugha. Mwalimu anajifunza huku akilipwa, na watoto wanaosoma lugha hiyo kila siku wanakuwa sehemu ya mafunzo yake.

Mahakama nayo iliendelea kunoa upande wa ushahidi. Juni 2000, katika shauri la Angonese, benki ya Bolzano, kaskazini mwa Italia, ilimkataa mwombaji kwa kukosa cheti cha lugha mbili, Kiitaliano na Kijerumani, kilichotolewa na jimbo hilo peke yake, ingawa mwenyewe alizijua lugha zote mbili. Mahakama ilisema kwamba mwajiri anaweza kudai ujuzi wa lugha, lakini hawezi kushikilia kwamba karatasi moja kutoka ofisi moja ndiyo njia pekee ya kuuthibitisha. Ukiuweka uamuzi huo kando ya ule wa Dublin, unaona kwamba V7, kwa kukubali angalau kwa maandishi sifa nyingine zilizo sawa, ilikuwa na upole ambao wengine walikuwa hawajaufikia.

Nirudi nyumbani, kwa kuwa kisa hiki kina kiungo cha kweli na hali yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambue sifa za kielimu na za kitaaluma zilizotolewa na nchi nyingine mwanachama. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walifikia makubaliano ya kutambuana. Walimu hawamo katika makundi hayo manne. Mwalimu Mkenya anayefundisha Tanzania, au Mtanzania anayefundisha Rwanda, anapita kwa wenye mamlaka wa nchi husika, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi huanza upya kila anapovuka mpaka.

Siku walimu watakapokaa kuandika makubaliano yao, mjadala wa vyeti utakuwa mrefu lakini si wa kutisha, kwa kuwa miaka ya masomo inahesabika na mitaala inalinganishika. Lugha ndiyo itakayoleta ukimya chumbani. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, huku masomo mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Tanzania inafundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Kwa shule ya msingi ya serikali hakuna ubishi wowote, maana mwalimu asiyejua Kiswahili hawezi kufundisha hesabu za darasa la tatu. Swali la Dublin liko sekondari, na liko katika shule za mchepuo wa Kiingereza ambazo kwa miaka mingi zimewaajiri walimu kutoka Kenya na Uganda.

Chukua mwalimu wa fizikia aliyesomea Uganda na kuajiriwa Moshi. Kipindi chake ni cha Kiingereza na mtihani wa taifa ni wa Kiingereza. Akitoka darasani, tangazo la mkutano limeandikwa kwa Kiswahili, wenzake wanazungumza Kiswahili wakinywa chai, na siku ya wazazi anakuja bibi aliyemlea mwanafunzi, anavuta kiti, anauliza: “Mwalimu, huyu mjukuu wangu anaendeleaje?” Somo lake halidai Kiswahili. Bibi yule anakidai, na ana haki ya kujibiwa bila mkalimani.

Mwalimu huyo aajiriwe. Kiswahili atakiwe kukijua, ila si siku ya usaili. Kiwango kiandikwe wazi, na kiwe cha mazungumzo ya shuleni, si cha ushairi wala cha isimu. Muda usiwe chini ya ule wa miaka mitatu walioufikia Ayalandi. Cheti cha chuo chochote kinachofahamika, kiwe cha Kampala au cha Nairobi, kihesabiwe sawa na cha Dar es Salaam. Na atakayeshindwa mara ya kwanza aambiwe kwa maandishi ameshindwa wapi, kisha apangiwe tarehe ya kurudia akiwa bado kazini.